Mpiga Mbizi wa Mlola

Mlola, 4 Agosti 1974

Bibi yangu mdogo Mwanasha,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Nasema mwenyewe, usije ukadhani nimesomewa. Mwalimu Timotheo wa kisomo cha watu wazima alinyoosha mkono akasema, "Lete Mzee, nikusaidie," nikamwambia, "Jisaidie wewe, mimi nimeshafika kitabu cha tatu." Niliianza baada ya adhuhuri nikaimaliza kabla ya alasiri. Na hii naiandika kwa penseli yangu, kwa hiyo ukiona herufi zimelala ujue ni za babu yako, si za mtu wa kuombwa.

Umesema shule yenu huko Tanga inatafuta wasichana wanne wa kuogelea, waende mashindano ya shule za sekondari Dar es Salaam, na kwamba mmejiandikisha kumi na sita. Hao kumi na tano nawaonea huruma. Hawajui wewe ni mjukuu wa nani. Mimi Suleimani Shekigenda ndiye niliyekuwa nazama kwenye ndiva yetu, na wewe unaijua ndiva ile, inajaa maji ya mto tangu jioni, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani. Kina chake ni watu wawili kusimamiana mabegani. Kabla ya kufungua lazima mtu ashuke mpaka chini atoe matope na majani kwenye mdomo wa tundu. Mtu huyo nilikuwa mimi, enzi za ujana wangu. Siku moja nilikaa chini mpaka wanawake waliokuja kuchota maji wakaanza kulia msiba. Nikaibuka na kaa wawili mkononi nikawauliza, "Nani amekufa?"

Imamu ameniuliza kama ni halali mtoto wa kike kuvuliwa nguo mbele za watu. Nikamwambia mwalimu wao ni mwanamke, wanavaa suruali za kushonwa, na kama ana wivu ajifunze kuogelea na yeye. Hajaniuliza tena.

Usisahau nilichokufundisha. Kichwa juu, uutazame ukingo, kama nilivyokuwa nakupigia kelele pale ndiva.

Ni mimi babu yako,
Suleimani Shekigenda, wa kwanza katika kisomo


Tanga, 19 Agosti 1974

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Joto la huku limenipa vipele, lakini vingine vyote salama.

Mchujo wa kwanza umepita. Kumi wametolewa, tumebaki sita, na mimi ni wa sita. Tunaogelea mita hamsini, kwenda na kurudi, na Mwalimu Hamida anasimama pembeni na saa yake ya kubonyeza. Anataka chini ya sekunde arobaini na tano. Mimi nimetumia hamsini na mbili.

Aliniuliza mbele ya wote, "Nani alikufundisha kutoa kichwa kama kobe?" Nikasema ni babu yangu. Wakacheka. Amina wa Muheza sasa ananiita Kobe, hata bwenini. Mwalimu anasema uso uwe ndani ya maji, pumzi niitolee humo humo, mdomo ugeuke pembeni tu kuvuta nyingine. Najaribu. Lakini uso ukizama, nauinua tena papo hapo.

Na kuna jambo jingine. Upande wa kina kirefu, chini, kuna tundu la kutolea maji, limefunikwa kwa chuma kama chekeche. Kila Ijumaa bwawa linamwagwa lisafishwe, na maji yakikaribia kwisha lile tundu linakoroma. Wenzangu wanaliigiza na kucheka. Mimi naziba masikio. Ukuta wa kugeukia uko juu yake hasa, na kila nikifika nasimama kabla ya kuugusa. Mwalimu anasema, "Mwanasha, ukuta haung'ati."

Wewe uliyekuwa unalifuata tundu kila asubuhi, ulifanyaje usiogope? Nieleze hatua kwa hatua. Nimeambatanisha fomu ya mlezi, itie sahihi uirudishe.

Mjukuu wako,
Mwanasha


Mlola, 1 Septemba 1974

Bibi mdogo,

Kobe anaishi miaka mingi kuliko huyo Amina, mwambie hivyo.

Sasa sikiliza, maana unaambiwa na mwenyewe. Unavuta pumzi tatu unaziachia, ya nne unakwenda nayo. Unashuka kwa kichwa, macho wazi. Maji ya chini ni baridi na yana rangi ya chai. Tundu hulifuati kwa mbele, unalijia kwa ubavu. Mkono wa kushoto unashika lile jiwe kubwa, wa kulia ndio unaotoa matope, na hauingizi kupita kiwiko. Kiwiko, Mwanasha. Upande wa nje wa tuta kuna mtu wa gogo, yeye ndiye anayevuta gogo lililoziba. Hakuoni, tuta limemkinga. Kwa hiyo kabla ya kuvuta anapiga pembe mara tatu na kungoja mpaka aliye juu amwambie kichwa kimeonekana. Basi. Mimi niliyafanya hayo nikiwa sijala kitu, na nikitoka nakula ugali wa watu watatu.

Mwalimu wako amesoma lakini hajui maji ya milimani. Kichwa kibaki juu.

Fomu nimeijaza. Kuna swali linasema, je, katika ukoo wenu yupo aliyekufa maji? Nimeandika HAPANA, kwa herufi kubwa. Na nimetia sahihi, sikuweka dole gumba. Timotheo alipoiona alitikisa kichwa kwa mshangao.

Babu yako,
Suleimani Shekigenda


Tanga, 15 Septemba 1974

Babu yangu,

Shikamoo.

Maelezo yako yamenisaidia. Niliujia ukuta kwa ubavu, nikaugusa kwa mara ya kwanza, na saa ikasema arobaini na tisa. Mwalimu alipiga makofi. Akasema nikiingiza uso tu, nafasi ya nne ni yangu.

Kwa hiyo niliingiza uso. Babu, pale chini yupo mtu. Amelala ubavu. Mkono wa kushoto umeshika kitu, wa kulia sikuuona. Hajakasirika. Ananitazama kama anayengoja niseme neno. Niliporuka juu kukohoa, nilijisikia nasema kwa sauti ya mtoto mdogo, "Babu, baba bado yuko chini." Amina alikuwa njia ya pili, akaniuliza, "Baba nani?" Sijui maneno hayo niliyatoa wapi.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umetaja kila kitu, hata rangi ya maji, lakini mtu wa gogo hukumtaja jina. Alikuwa nani?

Na nisamehe kwa hili. Tangu nipate akili sijawahi kukuona umeloa. Nilipokuwa naogelea na watoto wenzangu ulisimama juu ya tuta na viatu vyako miguuni. Hata mara moja hukuvivua.

Baba yangu alikufa kwa nini?

Mwanasha


Mlola, 24 Septemba 1974

Mwanasha,

Baba yako alirudi na homa kutoka kwenye mkonge wa Korogwe na akafa kwa homa hiyo. Uliambiwa. Muulize mama yako huko Vuga kwa mume wake mpya, atakwambia hivyo hivyo.

Nimekusomesha kwa kahawa yangu ili unihoji kama polisi? Viatu navaa kwa sababu ninavyo. Wengine hawana.

Kama bwawa la huko lina shetani, toka. Rudi ulime kabichi, hazina kina.

Ile pembe iliyotundikwa chumbani inavuma alfajiri. Ni upepo. Nimeziba dirisha kwa gunia na bado upepo unaingia.

S. Shekigenda


Tanga, 3 Oktoba 1974

Babu,

Shikamoo.

Nilimwandikia mama. Amejibu mstari mmoja: "Muulize babu yako, yeye ndiye aliyetuapisha."

Mchujo wa mwisho ni Jumamosi tarehe kumi na tisa. Mwalimu Hamida aliniita pembeni jana. Akasema, "Unaogelea vizuri mpaka unapoinua kichwa. Unamtafuta nani huko ukingoni?" Nikasema simtafuti mtu. Akasema, "Basi aliyeko huko anakukosesha nafasi." Amesema siku hiyo nikiinua kichwa hata mara moja hataniangalizia saa.

Nataka kuingia timu hii. Tangu nizaliwe sijataka kitu namna hii, hata kufaulu darasa la saba sikukutaka hivi. Lakini siwezi kupita juu ya mtu nisiyemjua. Najua unamjua. Ukinyamaza, Ijumaa ya kuamkia mchujo nitamwambia mwalimu anifute jina.

Mwanasha


Mlola, 9 Oktoba 1974

Mwanasha,

Barua hii imenichukua siku tatu na penseli imebaki kipande. Timotheo aliniona nahangaika akasema, "Mzee, nitajie tu, nitaandika." Safari hii nilitamani kukubali. Lakini haya si ya kumtajia mtu.

Mimi sijui kuogelea. Sijawahi kujua. Maji yakinifika magotini nageuka.

Aliyekuwa anashuka ni baba yako. Wale kaa wawili walikuwa wake. Wale wanawake aliwaliza yeye. Pumzi tatu na ya nne kwenda nayo, na jiwe, na kiwiko, alinieleza yeye huku anajifuta kwa shuka, nami nikayaweka kichwani. Alipokuwa hayupo tena nikaanza kuyasema kuwa ni yangu. Mtu wa gogo nilikuwa mimi.

Ile pembe ilikuwa amri ya Bwana Shamba, Mzungu yule aliyetulazimisha kulima kwa matuta. Aliandika: pembe mara tatu, kisha ngoja kichwa, asiyefuata atalipa faini. Sisi tulimchukia kwa matuta yake, na mimi zaidi kwa pembe, maana niliona ni kazi ya mchunga mbuzi na mimi ni mtu mzima mwenye ndevu. Bendera yetu ilipopanda, watu walicheza ngoma siku nzima. Kesho yake asubuhi, nilipotoka kwenda ndiva, pembe niliitazama pale ukutani nikaiacha. Nilijiambia, leo hakuna wa kuniamrisha kupuliza.

Baba yako alikuwa ameshashuka. Aliamini pembe italia kama siku zote. Wewe ulikuwa na miaka minne, umekaa juu ya tuta na kipande cha boga, na mwenye zamu ya kutazama kichwa alikuwa hajafika. Nilipita chini yako kwenda kwenye gogo. Ukaniambia, "Babu, baba bado yuko chini." Nilikusikia. Nikadhani unacheza. Nikavuta.

Maji yalikuja membamba na makali, kama yaliyozibwa, hapo nikajua. Yalikuwa yamemvuta mkono mpaka begani. Nilipanda tuta, nikaingia mpaka magotini, nikasimama. Nilipiga kelele. Nikarudi nje nikajaribu kurudisha gogo, maji yakanitupa. Nikapanda tena nikasimama karibu na wewe. Ndiva ilipungua polepole, na kichwa chake kikatokea chenyewe. Na wewe ukapiga makofi ukasema, "Baba huyo."

Rajabu na wenzake, waliokuwa mashambani wakingoja maji, walipofika mbio kutoka bondeni, niliwaambia nimepiga pembe mara tatu na yeye hakusikia kwa uchovu wa ngoma. Kwa hiyo tangu siku ile mwenye kosa ni baba yako. Niliwaapisha wote, na mama yako, kwamba wewe utaambiwa homa. Nilisema ni kwa ajili yako. Ilikuwa kwa ajili yangu, maana shahidi ulikuwa wewe peke yako.

Ulipofika miaka saba ukaanza kuogelea. Nikakuchapa, ukarudi majini. Nikakuchapa tena, ukarudi. Basi nikawa nasimama pale juu nakupigia kelele kichwa juu, kichwa juu. Sikuwa nakufundisha. Nilitaka tu kukiona kichwa.

Mwalimu wako yuko sawa. Uingize uso. Na ukingo usiutazame, hapo nipo mimi.

Suleimani


Tanga, 20 Oktoba 1974

Babu,

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Ijumaa sikula, na sikuenda kufuta jina.

Jana niliingiza uso tangu mwanzo. Alikuwepo. Nilipofika juu yake nilitoa pumzi yangu yote, nikagusa ukuta, nikageuka. Hakunishika. Sikukutafuta. Nilikuwa na hasira, na hasira haikunipa muda wa kuogopa.

Sekunde arobaini na nne. Nimekuwa wa nne. Mwalimu Hamida alinifunika kanga akaniuliza, "Unalia nini, msichana, umeingia!" Amina wa Muheza amekuwa wa tano. Alikuja kunipa mkono na hakujua aniite nani.

Fomu nimeisahihisha mwenyewe, ile HAPANA yako nimeikata.

Mashindano ni tarehe kumi Desemba, siku moja baada ya sherehe za Uhuru. Sikuichagua mimi hiyo tarehe. Baada ya hapo nitakwenda kwa mama, Vuga.

Mimi umeniambia. Rajabu na wengine waliokuwa bondeni bado wanaamini baba alipigiwa pembe hakusikia.

Mwanasha Ramadhani


Mlola, 3 Novemba 1974

Mjukuu wangu Mwanasha,

Barua yako haina shikamoo. Nimeitafuta mbele na nyuma ya karatasi. Sikulaumu. Marahaba nimebaki nayo mwenyewe.

Umekuwa wa nne kati ya kumi na sita. Nilitaka kwenda dukani kuwatangazia, nikafika nusu ya njia nikarudi. Niliona nikifungua mdomo nitasema tena mambo ya babu yako, si yako.

Alhamisi kwenye kisomo Timotheo alisema kila mmoja aende ubaoni aandike sentensi yake mwenyewe. Hamisi aliandika, "Mbuzi wangu ana pembe." Wakacheka. Nikaenda mimi. Nikaandika, "Mimi sikupiga pembe." Timotheo ni mtu wa Rangwi, alikuja juzi, hajui kitu. Akasema, "Vizuri sana, Mzee Suleimani, na nukta umeweka."

Rajabu alikuwa benchi la nyuma. Yeye bado yuko kitabu cha kwanza. Akaisoma kwa kidole, hewani, neno moja moja, na sisi wote tukamngoja. Alipofika mwisho akasema, "Najua."

Nikamwuliza, "Unajua nini wewe?"

"Nilikuwa shambani nangoja maji. Pembe haikulia. Maji yalikuja tu."

"Miaka kumi na tatu, Rajabu! Mbona hukusema?"

Akasema, "Nilikuwa nakuja kutema hilo neno kwako, wiki ile ile, nikakukuta barazani unawasimulia wageni mbizi ulizopiga ujanani. Nikasikiliza. Nikamwona yule kijana mwenyewe kabisa, na wale kaa wake. Nikaona, nikisema, huyu atanyamaza, na mimi nitamwona wapi tena? Nikakaa. Na kila ukisimulia nilikuja kukaa."

Baadhi ya wazee walikuwa wanatazama chini. Mwanasha, walikuwa wanajua. Miaka yote nikijipiga kifua, na wao wakicheka na kusema rudia, rudia ile ya wanawake, nilidhani nimewadanganya.

Sijakwambia bado lililonipata. Rajabu akasema, "Haya, simulia sasa. Ila leo mtaje."

Nikasimama mbele ya ubao. Nikasema, "Ramadhani." Jina hilo sikuwa nimelitamka tangu tumzike. Watu thelathini wamekaa wananitazama, na unanijua, hakuna aliyewahi kuninyamazisha hapa Mlola, wala jumbe wala Mzungu. Nikasema tena, "Ramadhani." Halafu hakikuja kitu. Niliondoka, kofia yangu nikaisahau.

Nimefikiri siku tatu kwa nini. Nikisema mimi nilishuka, nilikuwa nayatengeneza ninavyotaka. Nikisema yeye alishuka, nataka kumwona, na simwoni. Asubuhi zote hizo nilikuwa kule nje kwenye gogo, nyuma ya tuta. Mwanangu alipiga mbizi miaka sita na sikumwona akishuka hata siku moja.

Wewe ulikuwa umekaa juu. Najua ulikuwa mdogo. Lakini umekumbuka maneno, labda utakumbuka na hili. Alisimama wapi kabla ya kushuka? Alikuwa anasema kitu? Alikutazama?

Niandikie hilo tu. Wanangoja niwasimulie, na mimi sijui anaanzaje.

Babu yako,
Suleimani